Ufa Alioucheka Mtani Wangu

Kazi yangu ni kupiga pasi vyuma. Ndivyo tunavyoiita sisi wenyewe kazini, kule bandari kavu ya Kwala, kwa sababu kifaa chetu kina kichwa bapa chenye mpini, nacho unakitelezesha juu ya chuma taratibu, kwenda na kurudi, kama mtu anayenyoosha shati. Ndani ya kichwa hicho zimepangwa koili ndogo ndogo za waya. Umeme ukipita humo, sumaku yake inaingia kwenye chuma na kuamsha mikondo midogo inayozunguka. Chuma kikiwa kizima, mikondo inazunguka bila shida na kioo cha kifaa kinachora picha ya buluu tupu. Kukiwa na ufa, mikondo inalazimika kuuzunguka, koili zinahisi, na kwenye kioo panatokea mstari mwekundu. Hukwangui rangi, hukati kitu, hufungui hata nati. Nimepiga pasi kulabu za kreni, ekseli za matrela na magurudumu ya mabehewa, na wakubwa wenye vitambi vyao wamesimamisha kazi kwa sababu mimi nimesema hapa pana ufa.

Sisemi hivyo kwa majigambo. Nasema ili ieleweke kwa nini mpaka leo inaniuma kwamba mtu mmoja niliyetaka sana aniamini hakuniamini, na hakuniamini kwa sababu tulipendana.

Mtu huyo ni mzee wa Kisarawe, Mzaramo, mwenye mashine ya kusaga nafaka. Mimi ni Mnyamwezi, nimezaliwa Tabora, kazi ikanileta Pwani, nikaolewa huku huku, na sasa naishi mtaa wa Picha ya Ndege. Mimi na mume wangu tulinunua shamba la mahindi na mihogo upande wa Kisarawe, na siku ya kwanza kupeleka mahindi yangu kusagwa, mzee aliniuliza kabila bila aibu, kama wanavyouliza watu wa umri wake. Nilipomjibu alizima injini. Akalikumbatia gunia langu na kuwatangazia wote waliokuwa kwenye foleni kwamba unga huo hautoki pale, kwa kuwa mtumwa wake aliyepotea siku nyingi amepatikana. Akasema mababu zangu walikuja Pwani na mizigo ya watu kichwani, na mimi nimekuja kubeba mizigo yake. Nikamjibu kwamba mababu zangu walitaka kurudi Tabora na watumwa wa Kizaramo, ila kila nyumba waliyobisha hodi wenyewe walikuwa wamekwenda ngomani. Foleni nzima iliangua kicheko, na yeye alicheka kuliko wote. Toka siku ile tukawa watani.

Huku kwetu Mnyamwezi na Mzaramo wana ruhusa zao za tangu enzi na enzi. Mtani anaweza kukutukana mbele ya wakwe zako, akakunyang'anya kuku, akakuzushia ugonjwa, na ukikasirika wewe ndiye mwenye kosa. Mzee yule ana umri wa baba yangu, lakini sikuwa nampa shikamoo. Nikifika nilikuwa namuuliza kama bado hajafa, naye ananiuliza kama nimeshaoga tangu nitoke Tabora. Mume wangu, ambaye ni Mpare na kwake kila kitu kina utaratibu, alikuwa anaingia ndani ya gari na kupandisha kioo.

Tena ufundi wenyewe wa utani si kuchekesha. Ufundi ni kukausha uso. Anayecheka kabla ya mwenzake ameshindwa. Mzee alikuwa bingwa. Aliwahi kunipigia simu kwa sauti iliyokatika, akaniambia mkewe amefariki alfajiri na wanazika baada ya swala ya alasiri. Aliniapia wallahi. Niliomba ruhusa kazini nikilia, nikanunua mchele, nikajitanda khanga mbili na kwenda Kisarawe, na pale uani nikamkuta marehemu anamenya mihogo. Akaniuliza nani amefiwa. Mzee alikuwa amejificha nyuma ya mlango wa mashine, ameziba mdomo kwa kofia yake.

Nikalipa kisasi. Nilimwambia kwamba bandari kavu ya Kwala inapanuliwa, ramani imepita sebuleni kwake, na wakubwa watakuja kuzungumza naye. Nilimweleza kwa utulivu, nikitaja mambo ya kazini ambayo alijua ninayafahamu. Alishinda siku nzima kavaa kanzu iliyopigwa pasi, amekaa kwenye kiti barazani, anasubiri wageni wa serikali. Alipogundua alinipigia simu na kunitukana mpaka salio likamwishia. Nilikuwa na furaha wiki nzima. Ugenini ni kugumu, hata kama umejenga, na mimi yule mzee alinifanya nijione nina kwetu Pwani.

Siku ya ufa ilikuwa Jumamosi. Nilikuwa natoka kupima matrela ya mteja Mlandizi, kifaa kiko ndani ya pikapu, nikapitia shambani kuchukua mahindi na kuyapeleka kwa mzee. Injini ilikuwa imezimwa kwa sababu mkanda umechomoka na mzee anautafutia namna. Watu wamekaa juu ya madumu na magunia yao wakisubiri. Mzee akaona lile sanduku la kifaa na kuuliza kama ndilo jeneza langu. Nikamwambia si jeneza, ni pasi, na nikalifungua.

Hapo ndipo nilipokosea njia, na sikujua. Nilianza mchezo. Nilipitisha kichwa cha pasi juu ya kofia yake, nikatazama kioo kwa makini, nikatangaza kwamba humu ndani hakuna kitu, ni hewa tupu. Nikapitisha kwenye mfuko wa shati wenye funguo, kioo kikageuka chekundu, nikasema ubahili wenyewe umejikusanya hapa. Watu walicheka mpaka wengine wakashuka kwenye magunia. Mama mmoja aliyebeba mtoto akaniambia nipime na mashine yenyewe, maana kila siku inawalaza njaa.

Injini ya mzee ni ya dizeli, ya kizamani, ya kuzungusha kwa hendeli. Ubavuni ina flaiwili, lile gurudumu zito la chuma cha kusubu, yaani cha kuyeyushwa na kumiminwa, linalotuliza mwendo wa injini, kubwa kama sinia la pilau la shughuli. Kila Idi mzee alikuwa analipaka rangi ya kijani, tabaka juu ya tabaka, kwa hiyo kwa macho lilikuwa linapendeza kuliko kitu chochote mle ndani. Nililipiga pasi nikiwa bado natabasamu. Chuma cha kusubu kina picha yenye madoa doa siku zote, sikushtuka na madoa. Nilishtuka na mstari. Ulianza pale katikati, kwenye tundu la shafti, ukapanda kwenye mkono wa gurudumu kuelekea ukingoni, mwekundu na mwembamba, bila kukatika. Nikasafisha kioo kwa upindo wa khanga. Nikapita tena na tena, juu kwenda chini, kulia kwenda kushoto. Mstari haukuondoka.

Nilisimama. Sura yangu ilikauka, na safari hii sikuikausha mimi.

Nikamwambia, "Mzee, flaiwili lako lina ufa. Usiwashe hii injini."

Foleni ikalipuka kwa kicheko. Mzee alinitazama usoni, akatafuta dalili ya tabasamu na hakuiona, na hapo akanipigia makofi. Akawaambia watu waone jinsi Mnyamwezi alivyoiva, yaani sasa amefika daraja lake. Kisha akasema anajua njama yangu: nataka auze mashine kwa bei ya chuma chakavu, niinunue mimi, nikawasagie Wanyamwezi wenzangu unga wa ugali wao wa udongo. Nikamwambia sitanii. Wakacheka zaidi. Nikamgeuzia kioo aone mwenyewe, nikamweleza buluu ni nini na nyekundu ni nini. Akainama, akautazama ule mstari, akauliza mbona huo mstari ni uleule uliotoka kwenye funguo zake. Nikasema zile zilikuwa funguo. Akasema na huu ni ubahili wa flaiwili. Hata mimi, Mungu anisamehe, nilikaribia kucheka, maana lilikuwa jibu zuri.

Nilimvuta mkewe pembeni, kule anakopepetea mchele. Mama huyu ni mpole, na mimi ananiita wifi. Nilimshika mikono miwili na kumwambia gurudumu likipasuka likiwa kwenye mwendo vipande vyake vitaruka kama mawe, na mumewe husimama ubavuni kwake kila siku. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniambia nyie wawili mtaniua kwa presha, mara mnanizika, mara mnamzika mwenzangu. Akanipa mihogo ya kuchemsha nikale njiani. Nilipotoka pale injini ilikuwa imeshawashwa, nami nikasimama kando ya gari nikiisikiliza inavyounguruma, na mahindi yangu yamo kwenye foleni.

Jioni nilipiga simu. Nikamwambia naongea na yeye kwa Mungu mmoja, aache kusaga mpaka tupate flaiwili lingine. Akanijibu kwamba na yeye anaongea kwa Mungu huyo huyo, mimi ni mtumwa wake. Nikapandisha sauti. Nikamwita mzee mjinga, mbishi, Mzaramo asiye na masikio. Kila neno nililotumia kumtisha lilikuwa neno tulilolizoea. Maneno makali yote tulikuwa tumeshayatumia kwenye mchezo, na mengine hatukuwa nayo. Alinitakia usiku mwema kwa jina la kabila langu akakata simu, na nilisikia anavyocheka kabla haijakatika.

Mume wangu ndiye aliyenipa akili. Alisema kwa mtani hakuendi mtani, kunapelekwa mtu baki. Ni kweli. Kazini tuna mwenzetu mmoja wa Bukoba, mrefu, wa suti na kalamu mfukoni, anayeongea kama anasoma taarifa ya habari. Mzee hana utani na watu wa kule. Nikamwomba twende naye Jumamosi inayofuata, asimame mbele ya mzee, atoe shikamoo, aseme maneno yale yale niliyosema mimi, kwa adabu. Alikubali. Lakini wiki ile mzigo ulifurika Kwala, makasha yakapangana, kreni moja ikashukiwa kuwa na ufa, na Jumamosi yote tukaiacha kazini. Tukasema basi Jumamosi ijayo. Nilikubali kwa urahisi tu. Nilijiambia chuma kina uvumilivu wake, na flaiwili lile huenda lilikuwa na ufa huo hata kabla mimi sijaolewa. Ningeweza kumpigia simu yule mwenzangu aongee na mzee siku ile ile. Wazo hilo limenijia baadaye, na likija huwa linanikuta nafanya kitu cha kawaida kabisa, naosha vyombo au nafunga kamba za viatu.

Simu ya mke wa mzee iliingia asubuhi, katikati ya wiki. Nilikuwa nimepiga magoti chini ya trela, pasi mkononi. Alisema, "Wifi, lile gurudumu limepasuka. Mzee limemkata mkono."

Nilicheka.

Nilicheka kicheko kamili, cha tumboni, na nikamwambia safari hii mmejitahidi, yaani mpaka wewe mama mpole wamekufundisha, haya mwambie mumeo nimekuja na sanda. Ndipo nikasikia watu nyuma yake, mwanamke anasema Mungu wangu Mungu wangu, na mwanamume mmoja anaita gari lirudi nyuma zaidi, zaidi, mlazeni hapa. Hakuna anayejua kuigiza sauti ya namna ile. Mama wa watu hakunigombeza. Alirudia polepole, kama anayemwelekeza mgeni njia, kwamba mzee limemkata mkono wa kulia na wanampeleka hospitali. Sijawahi kumsikia mtu mwingine yeyote akilazimika kusema msiba wake mara mbili kwa sababu mara ya kwanza ulichekwa. Najua yeye hakuliweka hilo moyoni, alikuwa na mengi. Mimi nakisikia kicheko kile kila siku.

Walinieleza baadaye. Aliwasha kama kawaida, akamimina mahindi ya mtu, akageuka kumwambia neno mama mmoja. Flaiwili likakatika mkono ule ule wa gurudumu, pale pale nilipoonyesha. Kipande kimoja kilitoboa bati kikaenda kuangukia kwenye mihogo ya jirani. Kingine kikapita kwake. Ni bahati ya ajabu kwamba waliokuwa kwenye foleni hawakuguswa.

Nilimkuta hospitali, amelala kitandani, shuka limemfika kifuani, na upande wa kulia shuka limelala bapa mahali ambapo lilitakiwa kuinuka. Hata mgonjwa hutaniwa, tena yeye hasa. Ndiyo kazi ya mtani, kumfanya acheke hata kama ana drip. Njiani nilikuwa nimetafuta neno na nilikuwa nalo, zuri tu, kuhusu mtumwa aliyekuja kuchukua nafasi ya mkono. Nilifika kando ya kitanda, nikamtazama, nikasema shikamoo.

Alinitazama kama anayejaribu kukumbuka ni mtoto wa nani. Halafu akasema marahaba, mwanangu. Tukakaa. Nesi aliingia akabadilisha chupa ya maji, akatoka. Mzee akageuza uso dirishani.

"Ulisema," aliniambia. "Wallahi ulisema, mwanangu, na mimi nikakuona unacheza."

Nikamwambia ningesema kwa namna nyingine. Akasema hapakuwa na namna nyingine. Hakuwa na uchungu na mimi, na ingekuwa afadhali angekuwa nao, tungetukanana tukamaliza.

Amepona, kama kupona ndiko huko. Hali tena chakula na watu. Mkono wa kula ndio uliokwenda, na kula kwa kushoto mbele ya wenzake hawezi, kwa hiyo sinia likiwekwa kwenye shughuli yeye husema ameshashiba na kusogea pembeni. Mkewe humlisha ndani, mlango umefungwa. Hili aliniambia mkewe, akaniomba nisionyeshe kwamba najua. Injini waliing'oa. Wanawe wa mjini wakamnunulia mashine nyingine, ya umeme, mpya, na fundi akaja kuifunga.

Kabla haijawashwa, mzee alinipigia simu. Alianza kwa kuniuliza habari za nyumbani, habari za kazi, habari za mume wangu, zote kwa mpangilio. Akasema anaomba, kama nitapata nafasi na haitanisumbua, niende na kile kifaa changu niitazame mashine, kwa sababu wao hawajui. Nilibaki na simu sikioni hata baada ya yeye kukata.

Nilikwenda. Baraza ilikuwa imejaa watu, wengi wao wale wale wa siku ile. Hakuna aliyecheka nilipofungua sanduku. Nilipiga pasi shafti, puli, na kila kinachozunguka, kwa uangalifu kuliko ninavyopima kulabu za kreni, na mzee alisimama pembeni yangu, mkono wa shati umekunjwa na kubanwa kwa pini. Picha ilikuwa buluu tupu toka mwanzo mpaka mwisho. Nilimwonyesha. Hata hakuinama kutazama kioo, alinitazama mimi tu, kwa macho ya mtu anayesubiri jibu la daktari. Na mimi nilishindwa kuvumilia. Nilimmiss mtu aliyekuwa amesimama hapo hapo mbele yangu. Nikanyanyua kichwa cha pasi, nikakipitisha juu ya kofia yake taratibu, nikakausha uso kwa nguvu zangu zote.

Nikasema, "Mashine nzima, mzee. Ila hapa kichwani naona pana ufa mkubwa."

Kijana mmoja kwenye foleni alianza kucheka, akamtazama mzee, akanyamaza. Nilisubiri. Nilisubiri anitukane, aniite mtumwa, aniulize kama Tabora kuna maji. Mzee aliinua mkono wake wa kushoto, akavua kofia, akajipapasa kichwa polepole, mahali nilipoonyesha.

"Inawezekana, mwanangu," alisema. "Ukisema wewe, mimi nasadiki."

Kisha akamwambia mkewe anitolee kiti na chai, mgeni asisimame.